FanControl: feni za kasha zimsikilize nani?

Ukiendesha gemu nzito kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki ya RTX 4070, kadi hiyo peke yake hula hadi wati 200. Prosesa ya Ryzen 5 5600 iliyo jirani yake haivuki wati 76 hata ikibanwa, na kwenye gemu nyingi haifiki hapo. Wati zote hizo mwisho wake ni joto, na joto hilo linamwagwa ndani ya kasha. Sasa ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uangalie feni za kasha zimeambiwa zimsikilize nani: prosesa, au kihisi kilichobandikwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Kadi ya grafiki, ambayo ndiyo jiko lenyewe, kwa mazabodi karibu zote haimo kwenye orodha.

Matokeo yake anayajua kila mwenye mashine ya gemu. Ukifungua kivinjari, prosesa inaruka kutoka nyuzi 42 za Selsiasi hadi 60 kwa sekunde mbili. Feni zinanguruma, zinatulia, zinanguruma tena. Ukiingia kwenye gemu, prosesa imekaa kwenye 62, feni za kasha zinajizungukia taratibu, na kadi imefika 80 ikivuta hewa ileile ya moto iliyoitoa yenyewe. Pasipo na kazi kelele, penye kazi ukimya.

FanControl imekuja kurekebisha hapo. Ni programu ya Windows iliyotengenezwa na mtu anayejulikana kwa jina la Rem0o, inatolewa bure, na anayependa humchangia. Kazi yake ni kusoma vihisi vyote vya joto vilivyomo kwenye mashine, ikiwemo kadi ya grafiki, halafu kukuachia uamue feni ipi imfuate nani na kwa mwendo gani. Haina taa za rangi wala akaunti ya kusajili, na haikuletei tangazo la kununua kibodi.

Ipakue kwenye tovuti yake ya getfancontrol.com au kwenye ukurasa wake wa GitHub. Ukipenda njia ya mkato, fungua dirisha la amri la Windows uandike winget install Rem0o.FanControl. Usiitafute kwenye tovuti za kupakua programu za kila aina, kwa sababu programu hii inagusa maunzi moja kwa moja kwa ruhusa ya msimamizi, na nakala iliyochezewa ikipata ruhusa hiyo itafanya itakavyo. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba msimbo wake haujawekwa wazi. Kile kilichoko GitHub ni matoleo yaliyokwisha kupikwa. Maktaba inayosomea vihisi, LibreHardwareMonitor, ndiyo iliyo wazi.

Kuna suala la draiva ambalo limewatisha wengi. Ili kuongea na chipu inayosimamia feni, programu za aina hii zilitegemea kwa miaka draiva (programu ndogo inayoongea na maunzi) iitwayo WinRing0. Draiva hiyo ina udhaifu wa kweli uliosajiliwa kama CVE-2020-14979, unaoweza kumpa mdukuzi aliyekwishaingia ngazi ya juu zaidi. Machi 2025 kinga ya Windows ikaanza kuifungia, na watu wakaamka asubuhi wanakuta FanControl haioni kihisi hata kimoja. Matoleo ya baadaye yamehamia kwenye draiva nyingine iitwayo PawnIO. Ukikutana na ushauri wa zamani unaosema weka WinRing0 kwenye orodha ya kusamehewa, achana nao. Sakinisha toleo jipya na ukubali PawnIO litakapokuuliza. Wanaocheza Valorant wakumbuke pia kwamba Vanguard, mlinzi wa gemu hiyo dhidi ya udanganyifu, amewahi kufungia draiva za programu za kupima joto. Feni zikigoma baada ya gemu yenye mlinzi wa namna hiyo kusasishwa, anza kumshuku huyo.

Kabla ya kuifungua programu, malizana na BIOS. Feni yenye pini 4 inaongozwa kwa PWM, yaani mapigo ya amri ya kilohezi 25 yanayopita kwenye pini ya nne, huku ikipata volti 12 muda wote. Feni ya pini 3 inaongozwa kwa kupunguziwa volti. Soketi ya mazabodi inabidi iambiwe imeshika feni ya aina gani, na ile hali ya kujitambulia yenyewe mara nyingine hukosea. Ukiweka feni ya pini 3 kwenye soketi iliyowekwa PWM, itazunguka kwa kasi yake yote na hakuna programu itakayoishusha. Hapo ndipo watu husema FanControl haifanyi kazi, wakati kosa liko kwenye mpangilio wa BIOS wa mstari mmoja. Weka PWM kwa pini 4, DC (kuongoza kwa volti) kwa pini 3, kwa kila soketi, kisha hifadhi.

Ukiwa humohumo, acha na mstari wa kasi ulio salama kwa kila feni, usiokimya mno; mstari huo ndio unaosema feni izunguke kiasi gani kwa kila joto. FanControl haifanyi kazi mpaka Windows iwake, na ukiifunga inarudisha usukani kwa BIOS. Hatari iliyopo ni Windows kugandia njiani, kwa maana feni zitabaki kwenye kasi ya mwisho zilizoamriwa. Prosesa na kadi za leo hujipunguzia kasi zenyewe zikizidiwa na joto, kwa hiyo hutaunguza kitu, lakini ni sababu nzuri ya kutoruhusu feni za kasha zisimame kabisa.

Lisilotibika kwa programu ni feni zisizofika kwenye mazabodi. Makasha mengi ya bei nafuu yanayopangwa kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huja na feni tatu za taa zilizounganishwa kwa waya wa Molex moja kwa moja kwenye pawasaplai, au kwa plagi ya pini 6 inayoingia kwenye kijisanduku chenye rimoti. Feni hizo zinang'aa vizuri na zinazunguka kwa kasi moja tangu unawasha hadi unazima. FanControl haitaziona, leo wala kesho. Mwenye kasha la namna hiyo atafaidika zaidi kwa kununua feni tatu za PWM zisizo na taa kuliko kwa kuchezea programu yoyote. Aina zinazounganika moja nyuma ya nyingine, kama Arctic P12 PWM PST, humwondolea pia haja ya kununua kigawanyaji cha waya.

Ukigawa soketi moja kwa feni kadhaa, soma kibandiko kilicho nyuma ya kila feni. Soketi ya kawaida hubeba ampea 1, yaani wati 12. Feni nne za ampea 0.15 ni ampea 0.6, hazina neno. Feni nne za taa zenye ampea 0.35 ni 1.4, na hapo unaichoma soketi. Zikizidi, tumia kigawanyaji kinachochukua umeme wake kwenye waya wa SATA, ambapo mazabodi hutoa mapigo ya amri tu. Kumbuka kwamba kigawanyaji hurudisha idadi ya mizunguko ya feni moja pekee. Feni ya pili au ya tatu ikifa, skrini itaendelea kuonyesha kuwa mambo ni shwari.

Programu ikifunguka mara ya kwanza inakualika kwenye mpangilio wa kuongozwa. Ukubali. Inapandisha na kushusha kila soketi, inatazama mizunguko ya feni ipi imebadilika, kisha inaoanisha amri na feni yake. Ukimaliza, zipe majina yenye maana: mbele chini, mbele juu, nyuma. Soketi zisizo na kitu zifiche. Kisha kwenye kila feni fungua menyu yake ndogo na uchague kuipima. Inaishusha hadi isimame na kuipandisha tena, na kutokana na hapo inajua asilimia ambayo feni huanza kuzunguka na ile ambayo huzimika. Asilimia hizi mbili hazilingani, kwani feni iliyosimama inahitaji msukumo zaidi kuliko ile ambayo tayari inakwenda. Fanya kipimo hiki mashine ikiwa haina kazi. Pampu ya maji usiipime kabisa.

Sasa twende kwenye kiini. Chini ya skrini kuna alama ya kuongeza inayokupa aina za mistari ya kasi. Zinazohitajika kwa mashine ya gemu ni mbili: Graph, ambayo unaichora mwenyewe nukta kwa nukta, na Mix, ambayo inachukua mistari miwili na kukupa ile iliyo juu zaidi wakati huo. Tengeneza Graph ya kwanza, iambie isome joto la kadi ya grafiki. Kwa kasha lenye feni mbili mbele na moja nyuma, nukta zifuatazo ni pa kuanzia pazuri: nyuzi 45 kwa asilimia 30, nyuzi 60 kwa 42, nyuzi 70 kwa 58, nyuzi 78 kwa 75, na nyuzi 84 kwa 100. Tengeneza ya pili inayosoma prosesa, lakini hii iwe mvivu: asilimia 30 hadi nyuzi 65, asilimia 45 kwenye 75, 65 kwenye 85, na 100 kwenye 92. Halafu Mix, chagua kiwango cha juu, uziweke zote mbili ndani yake. Feni zote za kasha zifuate Mix hiyo.

Hapo tayari tatizo kubwa limeondoka. Ukiwa kwenye kivinjari, kadi iko 45, prosesa inaruka itakavyo chini ya 65, na feni hazibadilishi kasi. Ukiingia kwenye gemu, kadi inapanda na kasha zima linapanda nayo. Ukibana prosesa kwa kazi ya kukandamiza video, mstari wa pili unashika usukani. BIOS haiwezi kukupa mpangilio huu, na kwa sababu hiyo moja programu hii inastahili nafasi yake.

Feni ya prosesa yenyewe iache ifuate prosesa peke yake, ila si joto la papo kwa papo. Ryzen hasa zina tabia ya kuruka nyuzi 15 kwa kazi ya nusu sekunde, na hakuna feni inayoweza kuliwahi joto la namna hiyo. Ni kelele ya bure. FanControl ina kihisi cha kubuni kinachochukua wastani wa muda. Kitengeneze, kipe sekunde 6 hadi 10, na feni ya prosesa ikifuate hicho. Mwenye Ryzen 7000 asishtuke akiona 95 kwenye kazi nzito, kwa kuwa AMD, watengenezaji wake, walizijenga zifike hapo na zijizuie hapo. Zile za X3D, mfano 7800X3D, kikomo chao ni 89.

Kila mstari una mipangilio miwili ambayo watu huiruka halafu wanalalamika kuwa feni zinapanda na kushuka kama bahari. Wa kwanza, hysteresis, ni nyuzi ngapi joto libadilike ndipo feni ijibu. Weka 3 au 4. Wa pili ni muda wa kungoja kabla ya kujibu: sekunde 2 au 3 za kupanda, na 8 au zaidi za kushuka. Kasha lenye moto halipoi kwa sekunde moja, kwa hiyo hakuna haraka ya kushusha feni. Kwenye kisanduku cha feni yenyewe ndani ya skrini ya FanControl kuna pia kasi ya kubadilika kwa asilimia kwa sekunde. Iliyowekwa kiwandani ni 8. Punguza ya kushuka hadi 2, na sikio halitajua feni imeshuka lini.

Sikio, kwa kweli, linastahili kusikilizwa kuliko namba. Feni ikizidishiwa kasi mara mbili, kelele yake huongezeka kwa desibeli kama 15, ilhali kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza kwa kasi ileile huongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni tatu za mizunguko 700 hushinda feni moja ya mizunguko 1,500 kwa hewa na kwa utulivu. Tena feni nyingi za milimita 120 zina kasi moja mbaya ambapo bati la kasha huanza kuimba nazo. Itafute hivi: zima mstari, tumia usukani wa mkono, panda kwa asilimia 3 kila mara, ngoja kidogo, sikiliza. Ukisikia mlio kati ya 46 na 54, chora nukta mbili zilizokaribiana sana kwenye Graph, mathalan nyuzi 63 kwa asilimia 45 na nyuzi 64 kwa asilimia 55. Feni itapita mle kwa haraka bila kukaa. Ni ujanja mdogo, lakini umewaepusha wengi kununua feni nyingine.

Kuhusu vumbi: fanya feni za mbele ziingize hewa zaidi kidogo ya ile inayotolewa nyuma, ili kasha livute kupitia kichujio na si kupitia kila mwanya wa bati. Badala ya kuchora mstari mwingine, nenda kwenye mipangilio ya kila feni ya mbele uongeze asilimia 5 kwenye sehemu ya Offset. Kwa kasha lenye mbili mbele na moja nyuma hata hilo si lazima, maana hesabu tayari iko upande wako. Lenye moja mbele, moja nyuma na mbili juu ndilo linalohitaji, na huenda likahitaji zaidi ya 5.

Jambo ambalo video za mafunzo hazilisemi ni joto la chumba. Wengi wanaoonyesha mistari yao mtandaoni wamekaa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 21. Joto la kadi na prosesa hupanda karibu nyuzi kwa nyuzi na joto la chumba. Chumba cha Mombasa, Tanga au Dar es Salaam mwezi wa pili, bila kiyoyozi, huwa na nyuzi 31 au 32. Ukinakili mstari wa mtu wa chumba cha 21, feni zako zitaanza kulia ukiwa unasoma barua pepe, kwa sababu kadi yako isiyofanya chochote tayari ina joto la nyuzi kama 10 zaidi ya yake. Dawa ni kusogeza nukta za chini kuelekea kulia kwa nyuzi 8 hadi 10 na kuziacha za juu mahali pake. Kikomo cha kadi hakibadiliki kwa kuwa uko pwani. Mtu wa Nairobi au Arusha anaweza kutumia nukta zilizotajwa juu jinsi zilivyo.

Na kama chumba ni cha 32 na kadi bado inagonga 83, usiilazimishe feni. Kwenye programu ya kadi punguza kikomo cha umeme hadi asilimia 85. Kwa kadi ya wati 200 hizo ni wati 30 ambazo hazitazaliwa kabisa, na fremu zinazopotea kwa kawaida ni chache kuliko asilimia zilizopunguzwa.

Feni za kadi yenyewe FanControl inaweza kuziongoza pia, ila hapa inapungua makali. Kadi za NVIDIA hazipokei amri ya mkono iliyo chini ya asilimia 30, na kule kusimama kabisa wakati wa ukimya ni jambo ambalo kadi huliamua yenyewe ikiwa kwenye hali ya kujiendesha. Ukizichukua usukani bila kulijua hili, kadi iliyokuwa kimya kwenye eneo-kazi itaanza kuzunguka muda wote. Kwa walio wengi shauri ni kuziacha zijiendeshe, na kuitumia programu kwa feni za kasha na prosesa. Ukishikilia kuziongoza, hakikisha MSI Afterburner, programu nyingine inayoongoza kadi za grafiki, haijaachiwa kazi hiyohiyo.

Kugombania usukani ndiyo chanzo cha shida nyingi zinazoripotiwa. Armoury Crate ya ASUS, MSI Center na Gigabyte Control Center zote zina sehemu ya feni, na zinaandika amri zao kwenye chipu ileile. Ukiona feni inabadilika kila sekunde chache kati ya kasi mbili bila joto kubadilika, jua kuna wapishi wawili kwenye chungu kimoja. Haitoshi kufunga dirisha la programu hizo, kwa kuwa huduma zao hubaki zikifanya kazi nyuma. Ondoa sehemu ya feni au ondoa programu nzima. Feni zilizounganishwa kwenye visanduku vya Corsair au Lian Li hazionekani moja kwa moja, na zinahitaji nyongeza zinazotengenezwa na watu wengine, zinazosakinishwa ndani ya FanControl. Ukitumia nyongeza hiyo, programu asilia ya kisanduku nayo lazima ikae kando.

Tatizo la pili ni chipu isiyotambulika. Mazabodi iliyotoka juzi inaweza kutumia chipu ambayo LibreHardwareMonitor bado haiijui, na baadhi ya mazabodi, za Gigabyte hasa, huwa na chipu mbili za kampuni ya ITE ambapo ya kwanza inaonekana na ya pili hapana. Dalili ni kuona feni mbili tu wakati umechomeka tano. Angalia kwanza kama kuna toleo jipya. Kama hakuna, hamishia feni muhimu kwenye soketi zinazoonekana kwa kigawanyaji. La tatu: kompyuta ikitoka usingizini, mara nyingine vihisi hubaki vimeganda kwenye namba moja. Kwenye menyu kuna amri ya kutafuta vihisi upya, na hiyo huviamsha bila kuwasha mashine upya.

Mwenye kupoza kwa maji azingatie kwamba pampu haihitaji mstari. Ipe kasi isiyobadilika, asilimia 80 hadi 100, na kama inalia sana ishushe kidogo kidogo, lakini isifuate joto la prosesa. Feni za rejeta, ile sehemu inayopoza maji, ndizo za kuwekewa mstari, na kama mfumo wako una kihisi cha joto la maji, zifuate hicho. Maji hupanda polepole, na feni zitapanda polepole nayo. Plagi ya pampu nayo iwe kwenye soketi yake, na soketi ya feni ya prosesa, CPU_FAN, isiachwe tupu: iwe na pampu au feni ya rejeta, la sivyo mazabodi nyingi zitagoma kuwaka zikidai feni ya prosesa haipo.

Kuna mbadala? Argus Monitor hufanya karibu mambo yaleyale kwa mpangilio nadhifu zaidi, ila ni ya kulipia baada ya siku 30 za majaribio. SpeedFan ya zamani haijaguswa kwa miaka mingi na haizijui mazabodi za leo. Kwenye Linux FanControl haipo, na CoolerControl ndiyo inayoshika nafasi yake vizuri. Asiyetaka programu yoyote inayoendeshwa nyuma anaweza kununua kihisi cha waya cha kiloomu 10 akakichomeka kwenye soketi ya T_SENSOR, kama mazabodi yake inayo, akapitisha ncha yake karibu na mgongo wa kadi, na kuiambia BIOS ifuate hicho. Hupati joto halisi la chipu, lakini mwelekeo unaupata, na huna haja ya draiva. Kompyuta mpakato ni habari nyingine: feni zake mara nyingi husimamiwa na chipu ya mtengenezaji ambayo FanControl haifiki.

Lawama za haki kwa FanControl ni tatu. Skrini yake inamwaga kila kitu kwa pamoja, na mgeni anaweza kukaa nusu saa asijue kisanduku cha juu kinaungana vipi na cha chini. Maelezo ya mipangilio ni mafupi mno kwa mtu asiyejua tayari anachotafuta. Na kuitegemea draiva ya mtu mwingine kunamaanisha Microsoft ikibadili sheria tena, watumiaji watakuwa wa kwanza kujua, asubuhi, kwa masikio. Upande wa uzito haina neno, inakaa pembeni ya saa bila kuonekana.

Kabla hujalaumu mistari yako, fanya jaribio la mlango. Cheza gemu ileile kwa dakika 30 ukiwa umefunga kioo cha pembeni, andika joto la kadi. Kiondoe, cheza dakika 30 nyingine. Tofauti ikiwa nyuzi 2 au 3, kasha linapumua na kilichobaki ni kurekebisha nukta. Ikizidi 5, hewa haiingii ya kutosha: uso wa mbele ni kioo kitupu, kichujio kimeziba, au feni moja imefungwa kinyume. Upande wenye vijiti vinavyoshika mota ndiko hewa inakopulizwa nje ya feni, na karatasi ya choo ikishikwa mbele ya feni itakuonyesha mara moja. Ukisafisha vumbi kwa blowa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke. Feni ikizungushwa na upepo mkali inaumia beringi, na inageuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye mazabodi.

Mpangilio wako huhifadhiwa kama faili ya JSON ndani ya folda ya Configurations. Inakili kwenye flashi. Na kila ukisasisha BIOS, rudi kwanza uangalie PWM na DC za kila soketi, kwa sababu zote zitakuwa zimerudi kwenye kujitambulia zenyewe, hata kama FanControl inaonyesha mistari yako ileile.